Uchambuzi wa kisa: kijiji kimoja cha Romania, watu watatu maarufu, na ubishi wa nani hasa ni wa pale

Mambo ya mwanzo

Kisa hiki nilikuwemo mwenyewe. Majina ya tuliohusika nimeyatoa nikaweka herufi tu, na mradi wenyewe siutaji. Kijiji na watu wake wa kihistoria nimewaacha na majina yao maana bila hayo hakuna kisa, na wote ni watu wa vitabuni, wamekufa zamani. Nawaandikia nyie mnaotunga makala za Kiswahili kuhusu sehemu ambazo hamjawahi kukanyaga. Najua tuko wengi.

Tulikuwa wanne. Mimi, dada M ambaye ni mwalimu wa historia, mzee K mstaafu mwenye Kiswahili kilichonyooka kutuzidi sote, na J, kijana wa kompyuta anayefanya mambo fasta mpaka unaogopa. Kazi yetu ilikuwa kuandika makala fupi fupi kuhusu maeneo ya vijijini ya Ulaya Mashariki, na kila makala mwishoni iwe na kipengele cha "Watu maarufu". Tulikiona hicho ndio chepesi kuliko vyote, yaani unaweka jina, mwaka, kazi ya mtu, unaenda zako. Kumbe ndicho kilichotutoa jasho wiki mbili nzima, na kikaleta maneno mpaka dada M akatoka kwenye grupu la Watsapu akarudi kesho yake.

Kijiji chenyewe

Kinaitwa Rășinari. Kiko Transylvania, mkoa wa Sibiu, kama kilomita 12 kusini mwa mji wa Sibiu, chini kabisa ya milima ya Cindrel. Watu wake ni kama elfu tano hivi. Ni sehemu ya wafugaji wa kondoo, wale wa kupandisha mifugo milimani majira ya joto na kuiteremsha nyanda za mbali baridi ikikaza, kwa hiyo kwa vizazi vingi wanaume wa pale wamekuwa watu wa kutembea sana na kurudi na hela.

Kingine cha kujua ni kwamba Sibiu ulikuwa mji wa Wasaksoni, yaani Wajerumani waliohamia huko karne nyingi zilizopita. Waromania wengi waliishi vijijini kuuzunguka. Ndio maana katika karne ya 18, kuanzia miaka ya 1760, askofu wa Waothodoksi wa Transylvania alikuwa anakaa hapohapo Rășinari, mpaka makao yalipohamia mjini mwishoni mwa karne hiyo. Hebu fikiria, askofu anaishi kijijini kwa wachunga kondoo. Makasisi wanajaa, vitabu vinajaa, watoto wa makasisi wanajifunza kusoma mapema, na shule za mjini ni safari ya mkokoteni ya masaa machache. Mimi nikiulizwa kwa nini kijiji kidogo vile kimetoa watu wakubwa vile, jibu langu ni hilo, wala sihitaji kuleta habari za hewa ya milimani.

Watu wenyewe ni hawa. Octavian Goga, mshairi, alizaliwa 1881. Emil Cioran, mwanafalsafa na mwandishi, alizaliwa 1911. Na Andrei Șaguna, askofu mkuu wa Waothodoksi wa Transylvania, aliyefariki 1873.

Ilivyotokea

J ndiye aliyeanza. Alichukua maandishi ya lugha nyingine, akayapitisha kwenye programu ya kutafsiri, akakopi-pesti, akapandisha. Dakika arobaini kazi imeisha. Kipengele chake kilikuwa mistari mitatu, ambayo kwa ufupi ilisema: Octavian Goga, mshairi wa Romania, mtoto wa padre, alizaliwa Romania 1881. Emil Cioran, mwanafalsafa wa Romania, mtoto wa padre, alizaliwa Romania 1911. Andrei Șaguna, askofu, alizaliwa Rășinari.

Sisi wengine tukapita juu juu tukasema poa.

Wa kwanza kulalamika alikuwa msomaji mmoja Mkatoliki aliyeuliza kwa mshangao, hawa mapadre wa kijiji hiki wana watoto wangapi? Tukacheka, lakini alikuwa na haki. Msomaji wa Kiswahili akisoma "padre" anamwona padre wa Kikatoliki asiyeoa, na hapo umemfundisha uongo bila kusema neno lolote la uongo.

Siku mbili baadaye akaja wa pili, Mswahili anayeishi Ulaya, yeye akasema moja kwa moja kwamba Șaguna hakuzaliwa Rășinari hata kidogo, alizaliwa Miskolc huko Hungaria, kwenye familia ya Waarumani (watu wa Balkani ambao lugha yao inakaribiana na Kiromania) waliokuwa wafanyabiashara, na kinachomuunganisha na kijiji ni kwamba alitaka azikwe pale. Kweli, tulipokagua tukakuta kaburi lake ndilo liko Rășinari. J alikuwa ameona jina lake kwenye maelezo ya kijiji akajaza mwenyewe "alizaliwa".

Halafu wa tatu. Huyu hakuandika kwa hasira, aliuliza swali moja tu: mbona mmeandika Goga ni mshairi na mmeishia hapo?

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Nayaeleza kwa mpangilio tulioyafikia, ingawa ukweli ni kwamba mengine tuliyarudia mara mbili tatu.

*Kata au kijiji.* Romania ina kitu wanaita comună, ni vijiji kadhaa chini ya ofisi moja na meya mmoja. Programu ilikuwa imetuletea "jumuiya ya vijijini" ambayo kwa Kiswahili haimaanishi kitu, unaweza kudhani ni chama cha kuweka na kukopa. Mzee K akasema tuandike "kata" halafu sentensi moja ya kueleza. Tukakubali bila ubishi. Ile ngazi ya juu yake J alitaka "kaunti", M alitaka "mkoa", tukaenda na mkoa kwa sababu tu M alikuwa ameshachoka kubishana.

*Padre.* Tukabadilisha tukaandika "kasisi wa Kiothodoksi", na tukaongeza kwamba kwa Waothodoksi mwanaume aliyekwisha kuoa anaweza kuwekwa wakfu kuwa kasisi. Neno lenyewe si la ajabu kwetu, Waothodoksi wapo Kenya na Uganda, ila msomaji wa kawaida hana habari nao. Ile sentensi ikawa na faida nyingine ambayo hatukuitegemea: ghafla ikaeleweka kwa nini Goga na Cioran wote ni watoto wa kasisi. Nyumba ya kasisi ndiyo ilikuwa nyumba yenye rafu ya vitabu.

*Alizaliwa nchi gani.* Mwaka 1881 na hata 1911 Rășinari haikuwa Romania, ilikuwa upande wa Hungaria ndani ya dola ya Austria-Hungaria. Transylvania imeungana na Romania 1918. J akasema haina maana, wote ni Waromania, andika Romania. Mzee K akamjibu kwa mfano mmoja uliomaliza ubishi: Shaaban Robert alizaliwa 1909 maeneo ya Tanga, je alizaliwa Tanzania? Alizaliwa kwenye koloni la Mjerumani. Basi tukaandika "alizaliwa Rășinari, wakati huo ikiwa Austria-Hungaria, leo ni Romania". Ni sentensi ndefu lakini bila hiyo Goga haeleweki kabisa, kwa sababu mashairi yake ya mwanzo, yale yaliyomtoa 1905, ni kilio cha wanakijiji wa Kiromania chini ya utawala usio wao, na serikali ya Hungaria ilimtia jela kwa maandishi yake kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

*Nani ni "wa" kijiji.* Huu ndio ulikuwa ubishi mtamu. J, baada ya kuumbuka, akageuka akawa mkali kuliko wote: Șaguna atolewe, hakuzaliwa pale, hakukulia pale. Nami nilikuwa upande wake. Mzee K akakataa katakata. Akauliza, kwetu sisi mtu akifa mjini anapelekwa wapi? Anasafirishwa kwao. Mtu mwenyewe amesema nizikeni Rășinari, nyie mnasema si kwao, nyie ni nani?

Tukaanza kuangalia makaburi. Cioran kazikwa Paris, makaburi ya Montparnasse. Goga alifariki Mei 1938 nyumbani kwake Ciucea, mbali huko upande wa Cluj, na ndiko liliko kaburi lake. Kwa hiyo kati ya hao watatu, aliyelala kwenye udongo wa Rășinari ni mmoja tu, na ni yule ambaye hakuzaliwa pale. Grupu likanyamaza kama dakika tano hivi, jambo ambalo kwa grupu letu ni maajabu.

Tulichoamua ni kuvunja kichwa cha habari. "Watu maarufu" ikafutwa, zikawekwa sehemu mbili: "Waliozaliwa Rășinari" na "Wanaohusishwa na Rășinari". Șaguna akaenda ya pili, na sababu yake ikaandikwa kabisa, kwamba ndiye aliyeanzisha gazeti la Telegraful Român mwaka 1853 ambalo linatoka mpaka leo, ndiye mwenyekiti wa kwanza wa ASTRA, chama cha utamaduni wa Waromania wa Transylvania kilichoanzishwa 1861, kanisa lake lilimtangaza mtakatifu 2011, na kaburi lake liko kijijini kwa matakwa yake mwenyewe.

*Goga.* Sasa hili. Goga hakuwa mshairi tu. Kuanzia tarehe 28 Desemba 1937 mpaka 10 Februari 1938 alikuwa waziri mkuu wa Romania. Siku 44. Chama chake kilipata kama asilimia 9 tu ya kura, mfalme Carol wa Pili ndiye aliyemweka. Na ndani ya hizo siku 44 serikali yake ilitoa amri ya kukagua upya uraia wa Wayahudi, ukaguzi ambao mwishowe uliwavua uraia zaidi ya watu laki mbili.

M alisema hiyo iingie, na iingie kwenye mstari uleule wa ushairi, isisukumwe chini kabisa. J akasema sisi tunaandika makala ya kijiji, si ya siasa, mtu akitaka kujua abonyeze linki. Mimi nilisitasita, nakiri. Niliona kama tunawaaibisha watu wa kijiji ambao hawajatukosea chochote. M akanijibu kitu ambacho nimekikumbuka mpaka leo, akasema hawa laki mbili nao walitoka vijijini, na hakuna kipengele cha watu maarufu kinachowataja.

Hapo ndipo alipotoka kwenye grupu.

Alivyorudi tukaandika hivi: "mshairi na mwanasiasa, waziri mkuu wa Romania 1937–1938, ambaye serikali yake ilitoa amri iliyosababisha Wayahudi zaidi ya laki mbili kuvuliwa uraia". Sentensi moja. Hatukuweka "mwenye utata", lile neno la watu wanaotaka kusema jambo na kulificha kwa wakati mmoja. Tulisema kilichofanyika tukanyamaza.

*Cioran.* Tukishamwandika Goga hivyo, Cioran naye hatukuweza kumpitisha kimya. Huyu mimi nampenda, niseme wazi, ndio maana kazi yake nilipewa mimi, na labda lilikuwa kosa. Alisimulia mwenyewe kwenye mahojiano kwamba utotoni rafiki yake alikuwa mchimba makaburi wa kijiji, jamaa anampa mafuvu, mtoto anayapiga danadana kama mpira. Kulikuwa na kilima, Coasta Boacii, alichokiita paradiso yake. Akiwa na miaka kumi baba yake akampakia kwenye mkokoteni wa farasi kumpeleka shule Sibiu, na mpaka uzeeni alikuwa anaikumbuka safari ile kama msiba. Kilomita 12! Watoto wetu wanaenda bodingi mikoa mitatu mbali.

Nikaandika aya nzima ya hayo, tamu kweli, na ya miaka ya 1930 nikaweka nusu mstari. M akairudisha. Alikuwa sahihi. Cioran alikuwa Ujerumani kwa skolashipu kuanzia 1933, akawa anaandika makala kwenye magazeti ya Romania za kumsifu Hitler, akavutiwa na Walinzi wa Chuma, vuguvugu la kifashisti la Romania, na 1936 akatoa kitabu chenye mawazo hayohayo. Mwaka 1937 akaenda Paris, baada ya vita akaacha kabisa kuandika Kiromania akahamia Kifaransa, na akaishi huko hadi kifo chake 1995. Kile kitabu kilipochapishwa tena Romania 1990 alikata mwenyewe baadhi ya kurasa. Tukaweka vyote viwili, mafuvu na magazeti, ila mafuvu yakapunguzwa.

*Ndugu.* J alipendekeza tumweke na mdogo wake Cioran, Aurel. Tukakataa, ukubwa wa mtu hauendi kwa undugu.

*Herufi.* Hili nalipitia haraka lakini liliumiza. Ile ș ya Kiromania ina mkia uliojitenga, kama mkato chini. Iko nyingine ya Kituruki, ş, mkia umegusana. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. J alitumia moja, mimi nyingine, tukajikuta na makala mbili za kijiji kimoja, moja ina masahihisho na nyingine bado inasema Șaguna alizaliwa pale. Na ile yenye makosa ndiyo iliyokuwa inatokea kwanza ukitafuta.

Ikaishaje

Makala ya pili ikaunganishwa na ya kwanza, na ukiandika "Rasinari" bila mikia unafika palepale. Wale wasomaji watatu tuliwaandikia wote. Yule Mkatoliki akajibu kwa emoji ya kucheka. Yule wa Ulaya akaturekebishia na tahajia ya jina la mlima. Wa tatu, aliyeuliza habari ya Goga, hakujibu.

Muda wote uliotumika ni karibu wiki mbili kwa kipengele ambacho J alikimaliza kwa dakika arobaini. Kikikaa kwenye skrini hakizidi aya tatu.

Kilichofaa na kilichotukwamisha

Kilichofaa zaidi ni kuvunja ile "Watu maarufu" kuwa mbili. Nasema hivyo kwa sababu matatizo yetu mengi yalizaliwa na kile kichwa cha habari. Ukishaandika "maarufu" tayari unatafuta sifa, mikono yenyewe inaruka aibu. Ukishaandika "kutoka" bila kusema ni kutoka kwa namna gani, kila mmoja anajaza maana yake, J akajaza kuzaliwa, mzee K akajaza kuzikwa, na wote wawili walikuwa na mantiki.

Mfano wa mzee K wa Shaaban Robert nao ulifanya kazi ambayo maelezo marefu ya mipaka ya Ulaya yasingeifanya. Ila usizidishe. Kwenye rasimu moja nilianza kulinganisha wafugaji wa Rășinari na Wamasai, M akafuta bila kuniuliza, na sasa naona alinisaidia, maana hiyo haikuwa inaeleza kitu, ilikuwa mapambo.

Makosa sasa. La kwanza ni letu sisi watatu tuliosema poa bila kusoma. Watu wanamlaumu J, lakini J alifanya alichotumwa. Neno "alizaliwa" lilikuwa pale siku nzima mbele ya macho manne yenye miwani na hakuna aliyeuliza chanzo. Siku hizi tuna utaratibu: mtu mmoja anaandika, mwingine anakagua sehemu ya kuzaliwa, ya kufa na ya kuzikwa, hizo tatu peke yake, hasomi kitu kingine. Inachukua dakika tano kwa mtu mmoja na tumeshakamata makosa mengine mengi kwa njia hiyo.

La pili ni kumpa mtu kumwandika mtu anayempenda. Mimi na Cioran. Sikudanganya popote, kila nilichoandika kilikuwa kweli, nilicheza tu na urefu, tamu aya nzima na chungu nusu mstari. Hilo kosa mkaguzi wa tarehe hawezi kulikamata. Linakamatwa na mtu kama M, na ukimchosha anatoka kwenye grupu.

La tatu, na hili mpaka sasa hatujalimaliza vizuri. Ukiangalia orodha yetu, waliozaliwa kijijini na wakawa wakubwa ni walioondoka. Goga aliondoka, Cioran aliondoka. Alikuwepo mwingine tuliyemwacha kabisa kwenye raundi ya kwanza: Sava Popovici Barcianu, aliyezaliwa Rășinari 1814, kasisi wa kijiji hichohicho na mtunzi wa kamusi ya Kijerumani na Kiromania. Hata ile Popovici maana yake ni mtoto wa kasisi, kwa hiyo jina lenyewe linakwambia ni ukoo wa nyumba za aina gani. Kazi ya kamusi sisi ndio tungepaswa kuiheshimu kuliko watu wote, tunaohangaika kila siku na neno moja kama "comună". Hakuna msomaji aliyelalamika kwamba hayupo.

Mzee K ndiye aliyemwongeza, usiku, bila kumwambia mtu. Mstari mmoja. Asubuhi J akaukuta, akakagua ș na ț zote, akaziona ziko sawa, kwa sababu kwenye jina Barcianu hakuna hata moja.